Kocha Mweusi na Hesabu ya 5 kwa 19

Mabibi na mabwana, walionisikia siku nyingine watanivumilia, maana nikizungumzia mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, ule wa kofia ngumu, huanza na hesabu ile ile. Gene Chizik, kocha Mzungu, alianza msimu wake wa kwanza katika chuo cha Iowa State mwaka 2007. Msimu wa kwanza alishinda mechi 3 akapoteza 9. Wa pili alishinda 2 akapoteza 10. Mwezi Desemba 2008, akiwa na 5 kwa 19 mkononi, yaani ushindi 5 na vipigo 19, chuo cha Auburn kikamwajiri. Kwa kazi hiyo hiyo alikuwa amesailiwa pia Turner Gill, Mmarekani Mweusi aliyeipokea Buffalo, timu iliyoshinda mechi 10 tu katika misimu 7, na ambaye mwezi huo huo alikuwa ametwaa ubingwa wa ligi kwa kuifunga Ball State iliyokuwa haijapoteza hata mechi moja.

Baadaye Gill alipata nafasi Kansas. Akashinda 3, akapoteza 9. Akashinda 2, akapoteza 10. Tarakimu ni zile zile, hata mpangilio wake! Novemba 2011 alitimuliwa, na kazi yake iliyofuata ilikuwa Liberty, chuo kilichokuwa daraja la chini.

Namwona bwana wa kule nyuma anataka kunikumbusha kwamba Chizik aliipa Auburn ubingwa wa taifa msimu wa 2010. Ni kweli, wala sijasema hajui kazi. Atanikumbusha pia kwamba mwaka 2004 Chizik alikuwa hapo hapo Auburn akisimamia safu ya ulinzi, katika msimu ambao hawakupoteza mechi. Naam, na ndilo ninalolilalamikia: wanaoajiri humwajiri wanayemfahamu, na anayefahamika husamehewa rekodi ambayo mgeni hufukuzwa kwayo.

Ya Tyrone Willingham, kocha mwingine Mweusi, nayapitia mbio. Notre Dame ilimwondoa mwaka 2004 baada ya misimu 3, ushindi 21 na vipigo 15. Aliyemrithi, Charlie Weis, Mzungu, aliongezewa mkataba wa miaka 10 kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha. Halafu kuna makocha wasaidizi Weusi, ambao mara nyingi hukabidhiwa wachezaji wanaokimbia na mpira na safari za kuwashawishi wazazi wawape vyuo watoto wao, ilhali ukocha mkuu hutokea kwa waratibu wanaopanga mashambulizi na ulinzi.

Anayeniambia kwamba Marcus Freeman amelimaliza tatizo hili, kwa kuwa kocha Mweusi wa kwanza kufika fainali ya taifa ya daraja la juu, akiwa na Notre Dame, tarehe 20 Januari 2025, ahesabu kwanza miaka tangu Willie Jeffries, kocha mkuu Mweusi wa kwanza wa daraja la juu, alipoanza kazi Wichita State mwaka 1979. Nilikusudia kuwaeleza pia kuhusu wafadhili, na sheria ya Oregon ya mwaka 2009 juu ya usaili, lakini mwenyekiti ameshainua kile kikaratasi chake. Nitakuwa hapo mlangoni, kwa yeyote anayetaka tuendelee kubishana juu ya Chizik.