Kizuri Chajiuza? Mwandishi Huru Mbele ya Wasomaji wa Mitandaoni

Rehema: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia jambo ambalo waandishi wengi wanaojichapishia vitabu hulikwepa mpaka siku ya mwisho, nalo ni kujitangaza katika mitandao ya kijamii. Kaka Idrisa, wewe husema kwamba kikwazo cha kwanza hakimo kwenye simu, kimo kwenye malezi yetu.

Idrisa: Ndivyo ninavyoamini, dada Rehema. Tumekuzwa na methali isemayo "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza", kwa hiyo mwandishi aliyetumia miaka mitatu kuandika riwaya huona haya kuisifu hadharani, akihofu kwamba sifa zake mwenyewe zitachukuliwa kuwa ushahidi wa ubovu wa kazi. Nikiitazama vizuri methali hiyo, naona inahusu kizuri kinachoonekana. Kitambaa kilichotandazwa hujiuza kwa sababu mpita njia anakishika na kukikagua, ilhali kitabu kilichofungwa kinaonyesha jalada tu, na uzuri wake wote umefichika ndani. Kwa hiyo kazi ya mwandishi si kukisifu kitabu, bali kukifungua mbele za watu.

Rehema: Kukifungua kwa namna gani?

Idrisa: Nitoe mfano wangu. Nilipotoa riwaya yangu ya kwanza, kwa majuma sita niliweka picha ya jalada kila asubuhi, pamoja na maneno yaleyale: kitabu kimetoka, jipatie nakala yako. Marafiki walinipongeza, wakaweka laiki zao, na walionunua walikuwa wachache mno. Kisha siku moja niliweka aya moja tu kutoka sura ya pili, ile ambayo mama anaosha vikombe baada ya msiba, anavihesabu, na kukuta kimoja kimezidi. Sikuandika neno lolote la kuuza. Watu nisiowafahamu kabisa wakaanza kuuliza kile kikombe kilikuwa cha nani.

Rehema: Hapo nina swali ambalo waandishi wengi wananiuliza. Je, hatuwapi watu bure kile tunachotaka wakinunue?

Idrisa: Hofu hiyo naielewa, lakini historia haiiungi mkono. Andy Weir, mwandishi wa Marekani, aliiweka riwaya yake ya mwanaanga aliyeachwa Mars kwenye tovuti yake mwenyewe, sura baada ya sura, bila malipo. Ni wasomaji haohao waliomwomba aitoe katika umbo ambalo wangeweza kulisoma kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, naye mwaka 2011 akafanya hivyo kwa bei ya chini kabisa aliyoruhusiwa. Iliuzwa sana, na mwaka 2014 kampuni kubwa ya uchapishaji ikaitoa upya. Jambo ninalopenda tulione ni kwamba kabla ya hapo alikuwa amekusanya, kwa miaka mingi ya kuandika, wasomaji wapatao 3,000 aliowafikia kwa barua pepe. Idadi hiyo si kubwa kwa viwango vya mitandao ya leo, lakini walikuwa ni watu waliokwisha kumsoma.

Rehema: Umenifikisha kwenye jambo linalonikereketa. Mwandishi anaweza kuwa na wafuasi elfu kumi, akaweka dondoo, na wakaiona watu mia tatu tu. Mpangilio wa kile kinachoonekana huamuliwa na algorithimu, yaani kanuni za kompyuta ambazo mwenye mtandao huzibadilisha apendavyo. Januari 2018, Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa za biashara na vyombo vya habari, na kurasa nyingi za waandishi ni za aina hiyo. Watumiaji wa Vine, mtandao wa video fupi, waliona makubwa zaidi, kwani mtandao wenyewe ulifungwa Januari 2017. Nionavyo mimi, ukurasa wa mtandaoni ni nyumba ya kupanga. Ishi humo, pokea wageni, lakini usiweke humo kila ulicho nacho.

Idrisa: Na wageni hao waelekeze kwako. Weka kiungo kimoja, si vitano, kinachompeleka msomaji mahali pa kuacha anwani yake ya barua pepe kwa hiari, naye apate sura nzima ya kwanza.

Rehema: Kuna njia ya mkato ambayo lazima tuikemee, nayo ni sifa za kununua.

Idrisa: Ni tabia ya zamani kuliko intaneti. Walt Whitman alipojichapishia diwani yake mwaka 1855, aliandika mwenyewe uhakiki wa kuisifu na kuutoa magazetini bila jina lake. Namheshimu sana kama mshairi, lakini katika hilo alikosea, kwa sababu msomaji aliamini anasikia sauti ya mtu mwingine. Leo jambo hilo lina sheria: tangu Oktoba 2024, kanuni za Marekani zinakataza waziwazi kuuza au kununua maoni ya uongo ya wateja. Mimi nimewahi kuandikiwa na mtu aliyeahidi kunipatia maoni hamsini ya nyota tano kwa malipo. Kitabu kinachosifiwa na watu wasiokisoma hakimpatii mwandishi msomaji hata mmoja wa kitabu cha pili.

Rehema: Na muda je? Wengine wanalalamika kwamba mitandao imewala, hawaandiki tena.

Idrisa: Chagua mtandao mmoja ambao wasomaji wa aina yako wamo, na ambao wewe mwenyewe unaupenda. Mshairi mwenye sauti nzuri asome mbele ya kamera. Asiyependa kuonekana aandike. Dondoo mbili kwa juma zinatosha, mradi zichaguliwe kwa uangalifu uleule uliotumika kuhariri kitabu. Muda unaobaki utumie kuwajibu watu, maana msomaji aliyeuliza swali la kweli ana thamani kuliko laiki mia.

Rehema: Kwa hiyo yule aliyeuliza kuhusu kikombe, ulimjibu nini?

Idrisa: Nilimwambia kwamba jibu limo katika sura ya tano. Alinunua kitabu, akakisoma, kisha akanirudia na swali gumu kuliko la kwanza, kwa nini yule mama hakukirudisha kikombe kwa mwenyewe. Tuliandikiana kwa siku tatu. Sasa ninapomaliza mswada, yeye ni miongoni mwa watu sita wanaousoma kabla haujaenda kwa mhariri.