Honi ya upepo kwenye usukani wa lori: kazi inayoanzia mbali na usukani

NGOIE: Karibuni katika kipindi chetu kutoka Lubumbashi. Leo tunajibu ombi la madereva wa barabara ya Likasi na Kolwezi: mtu amenunua honi ya upepo sokoni, lori lake limetoka kiwandani na honi ya umeme, naye anataka akibonyeza katikati ya usukani ilie ile kubwa. Yaya Ilunga, fundi wetu, kazi hii inaanzia wapi?

ILUNGA: Inaanzia mbali na usukani, mdogo wangu, na hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wa mjini, ambao hukimbilia kuufungua. Kitufe kimekwisha kuunganishwa na honi ya kiwandani. Kwa hiyo waya unaofika kwenye honi hiyo, huko mbele ya kabini, tayari umebeba amri ya dereva. Sisi tunaipokea amri huko huko, na usukani tunauacha ulivyo.

NGOIE: Kuufungua kuna ubaya gani, ikiwa fundi ana mkono mwepesi?

ILUNGA: Usukani unazunguka, na waya wa kawaida ungejisokota hadi ukatike. Katika lori za zamani umeme hupita kwenye pete ya shaba inayosuguana na kiguso. Katika nyingi za karibuni hupita kwenye utepe mwembamba uliokunjwa ndani ya kasha, nao una mizunguko michache tu kila upande. Ukiurudisha usukani bila kuuweka utepe huo katikati, siku dereva atakapokata kona hadi mwisho, utepe utakatika. Na kama usukani una mfuko wa hewa wa usalama, kuuchokonoa bila kutoa betri na kusubiri muda ulioandikwa na kiwanda ni kujitafutia majeraha ya uso.

NGOIE: Basi tupo mbele ya kabini, na honi ya kiwandani ina nyaya mbili. Tunafanya nini?

ILUNGA: Tunapima kwanza. Chomoa soketi ya honi, weka mita ya volti kati ya kila waya na chuma cha chasisi, kisha mwenzako abonyeze. Ikiwa waya mmoja unapata volti 24 pale tu kitufe kinapobonyezwa, na mwingine ni hasi muda wote, yaani umeungana na chasisi, basi kitufe cha lori lako kinaipelekea honi umeme chanya. Ikiwa mmoja una volti 24 muda wote na mwingine unageuka kuwa hasi kitufe kinapobonyezwa, mpangilio ni wa kinyume. Nitaeleza ule wa kwanza, kwa sababu wa pili unafuata mantiki hiyo hiyo upande wa hasi.

NGOIE: Nakusikiliza.

ILUNGA: Chukua rilei, yaani swichi inayogeuzwa na umeme, ya volti 24 yenye miguu mitano. Waya wa amri uliokuwa unakwenda kwenye honi ya umeme sasa unaingia mguu wa 30. Mguu wa 87a, ambao umegusana na 30 rilei ikiwa imelala, unarudi kwenye honi ya umeme. Mguu wa 87 unakwenda kwenye valvu ya umeme inayoifungulia honi ya upepo upepo wake. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili, waya uliozungushwa unaoigeuza rilei ukipata umeme: mmoja kwenye chasisi, mwingine kwenye swichi ndogo ya dashibodi yenye fyuzi yake. Swichi ikizimwa, usukani unaliza honi ya umeme, na ndivyo inavyofaa unapopita mbele ya hospitali ya Jason Sendwe. Ukitoka mjini unaiwasha, na kitufe kile kile kinaliza honi ya upepo. Ninaupenda mpangilio huu kwa sababu koili ikiungua dereva habaki bubu, honi ya kiwandani inarudi yenyewe.

NGOIE: Sokoni honi nyingi zimeandikwa volti 12.

ILUNGA: Hilo ndilo linaloua betri nyingi hapa kwetu. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, na fundi mwenye haraka huchukua volti 12 kutoka betri moja. Betri hiyo inatumika zaidi ya mwenzake, ilhali chaji inapita zote mbili kwa pamoja. Moja inabaki na njaa, nyingine inachemka kwa kushibishwa kupita kiasi. Nunua valvu ya volti 24, basi. Kisha funga diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili ya valvu, mstari wake uelekee chanya, kwa sababu koili inapokatiwa umeme hurusha volti kali inayounguza viguso vya rilei.

NGOIE: Tumebaki na upepo wenyewe.

ILUNGA: Hapa nazungumza kwa ukali. Mtu anatoboa njia kwenye tangi la breki kwa sababu ndilo lililo karibu! Lori lina valvu inayogawa upepo katika mizunguko minne: kwa kawaida matundu ya kutolea upepo yenye namba 21 na 22 ni ya breki za mguu, 23 ni ya breki ya maegesho na tela, 24 ni ya vifaa vya ziada. Honi inakaa kwenye tundu la 24, ili mpira ukipasuka njiani kuelekea Kasumbalesa, na lori limebeba shaba, valvu ifunge mzunguko huo na breki zibaki na upepo wake. Tumia mpira wa nailoni wa breki za upepo pamoja na viungio vyake, usitumie mpira wa maji. Valvu ikae karibu na honi, maana mpira mrefu katikati yao huchelewesha mlio, na mdomo wa honi uinamishwe kidogo ili maji ya masika yatoke.

NGOIE: Na dereva atahakikishaje kabla hajaondoka gereji?

ILUNGA: Ajaze matangi, azime injini, aweke vigingi kwenye magurudumu, apake povu la sabuni kila kiungo. Kisha abonyeze honi mara kwa mara akitazama sindano za vipimo vya upepo wa breki. Zikishuka kidogo kisha zikasimama, mgawanyo unafanya kazi. Zikiifuata honi hadi kwenye alama nyekundu, mpira umefungwa mahali pasipo pake, na lori lisitoke getini.