Kishatumika, Ushuru wa Nini Tena?

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu na vijana wa Mkoani hapa Pemba.

Juzi hapo bandarini nilimkuta binti kaegemea friji. Rangi imebabuka pembeni, mpira wa mlango umepasuka, na ndani mna kibandiko cha Kiarabu ambacho hakuna aliyejali kukibandua. Kaka yake alilinunua Dubai kwa mtu aliyekuwa akihama. Akaniuliza: "Babu, chombo kishatumika miaka sita, na mwenyewe wa mwanzo kakilipia kodi huko kwao. Ushuru wa nini tena?" Foleni ilikuwa ndefu, sikumjibu ipasavyo. Leo nimekuja na jawabu lake.

Kodi aliyolipa yule bwana ni ya nchi yake. Ushuru wa forodha hauulizi kitu ni kipya au kikuukuu, unauliza kimeingia au hakijaingia. Na si mgeni kwetu. Forodhani ya Unguja imepata jina lake kwa forodha iliyokuwa pale, na mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alipofunga mkataba na Wamarekani, bidhaa zao zilipangiwa asilimia 5. Leo tunafuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Viwango vya pamoja vya nchi za Jumuiya ni asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kipo cha 35.

Panapowaumiza watu ni kwenye hesabu. Tuchukue gari lililonunuliwa Japani kwa dola 2,000. Mnunuzi anapiga hesabu ya robo ya 2,000, yaani ile asilimia 25, anatenga 500, analala usingizi. Lakini thamani ya forodha ni bei, jumlisha nauli ya meli, jumlisha bima. Hivyo viwili vikifika 1,200, ushuru unatozwa juu ya 3,200: robo yake ni dola 800, na kodi nyengine zinapandishwa juu ya hapo. Ndiyo maana kitu cha bei ndogo kilichosafiri mbali kinamshangaza mwenyewe. Na msidhani umri wa gari unapunguza mzigo. Kule Bara gari likiwa kuukuu sana huongezewa ushuru wa uchakavu.

Hapo ndipo anapotokea mtu wa kukunong'oneza: "Tuandike 900." Yalinifika mimi mwenyewe. Wakala wa forodha aliandika bei ndogo kwenye gari la shemeji yangu, nami nikasaini bila ya kusoma. Gari likatoka, tukachinja mbuzi. Baada ya muda ikaja barua ya kudai kilichopungua, pamoja na riba. Sheria inaruhusu kudai hivyo mpaka miaka 5, na pakiwa na udanganyifu hata baada ya hapo, na riba yake ni asilimia 2 kwa mwezi. Wakala alikuwa hapokei simu. Deni lilikuwa na jina la shemeji yangu, na mpaka leo naona haya kukaa naye.

Marekani jambo hili, la deni kumfuata mnunuzi, liko wazi zaidi. Majimbo mengi yana kodi ya matumizi: ukinunua kitu nje ya jimbo lako na muuzaji asikutoze, kwa kawaida unatakiwa uitangaze na kuilipa mwenyewe, hata kama hakuna ofisa aliyekusimamisha njiani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu yao iliruhusu majimbo kuwabana wauzaji walio mbali waitoze wao, lakini muuzaji asipoitoza, deni linabaki kwa mnunuzi.

Na pale ambapo kutumika kunakusaidia, watu wetu hawapajui, nami linaniuma hili. Mtu anayerudi nyumbani kuishi moja kwa moja anaweza kusamehewa ushuru wa vyombo vyake mwenyewe alivyovitumia huko, na gari moja alilolimiliki na kulitumia kwa miezi 12 au zaidi kabla ya kurudi. Nimewaona wazee waliotoka Uarabuni wakilipa kila kitu kwa kukosa kadi ya gari ya kule na tarehe iliyoandikwa.

Kwa hiyo binti yangu, kaka yako akinunua tena kwa mtu binafsi, amwombe aandike kwa mkono: jina lake, bei, tarehe, chombo chenyewe, saini. Na pesa aitume kwa benki ili ibaki alama. Nauli ya meli akupe risiti yake mbali. Nimekuja na karatasi za mfano, zipo juu ya meza hapa mbele. Zipitishweni kidogo kidogo, kisha tutaingia kwenye masuala.