Kizazi Kikishuka: Mkeka, Pumzi na Jerikeni

Hamjambo wapenzi, karibuni tena barazani kwangu hapa Jinja, Uganda. Simu leo kashika mjukuu wangu, kwa hiyo mkiona kidole gumba katikati ya picha msianze kulalamika, mimi mwenyewe nimeshakiona. Wageni, mimi ndiye yule mama wa mikeka. Nauza mikeka. Leo nitakaa juu ya mmoja na nitausifu kidogo, lakini habari ya leo ni nyingine.

Ni habari ya kizazi kushuka. Haya, nimesema. Anayetaka kuondoka aondoke, anayetaka kufunga mlango wa chumba afunge.

Wengine husema nyumba ya mtoto imeshuka, majirani zangu hapa husema nabaana. Na mara nyingi si kizazi peke yake. Kibofu nacho huegemea ukuta wa mbele wa uke, au utumbo wa haja kubwa ukasukuma ukuta wa nyuma, kwa sababu misuli na kano zinazoshikilia vyote hivyo zimelegea. Unachosikia wewe ni kimoja tu: uzito chini, kama umekalia yai. Asubuhi hamna kitu. Jioni, baada ya shamba na maji na kuinama kupiga deki, yai limerudi. Ukicheka, mkojo umekuponyoka. Mimi nilizaa sita, na wa tatu alikuja na kichwa kama fenesi, kwa hiyo naijua habari hii kutoka ndani.

Samahani kwa Kiswahili changu, ni cha kambini. Baba alikuwa mwanajeshi kutoka West Nile, mama Msoga, na enzi zile ukiongea Kiswahili mjini Kampala watu walishika mifuko yao kwa kuogopa kuibiwa. Siku hizi ndiyo tunaambiwa ni lugha rasmi. Tumefika.

Kabla hujalala mkekani: nenda ukapimwe kwanza. Mkunga au daktari aangalie ni nini kimeshuka na kimeshuka kiasi gani. Kina ngazi 4. Kikiwa bado ndani, au kimefika mlangoni, mazoezi yana kazi kubwa. Kikiwa kimetoka chote nje, mkeka wangu hautakirudisha, hapo kuna pesari, kile kipete cha kukishikilia, na kuna upasuaji. Nitarudi huko.

Tuanze kusimama. Mwanangu, nipige kwa ubavu. Kwa ubavu! Hapo sawa.

Wengi tukiambiwa "simama vizuri" tunafanya hivi, mnaona? Tumbo limefyonzwa ndani, makalio yamekunjwa chini kama mbwa aliyepigwa. Acha. Simama kama umebeba kikapu cha mayai kichwani. Shingo ndefu, mbavu zimekaa juu ya nyonga, magoti hayajafungwa, na ule mbonyeo wa mgongo chini uache ulivyo. Tumbo lilegee, hakuna anayekutazama. Tumbo ni kama kaveera, mfuko wa plastiki, lililojaa maji: ukilibana juu, maji yanatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni chini. Ndiyo maana ile leso tunayofungwa tukitoka kujifungua, ikikazwa mpaka huwezi kupumua, inatusukumia chini mzigo ambao bado haujapona. Funga kwa wastani. Mama yangu hatanisamehe kwa kusema hivi, alikuwa anafunga kwa goti.

Ukikaa, kalia ile mifupa miwili ya makalio, usikalie mkia. Basi, hilo mnalijua.

Sasa mkekani. Huu ni mkeka wa ukindu, mwembamba, hautelezi kwenye saruji... ngoja. Umeteleza. Ni vumbi, sikufagia. Mjukuu, usikate, waache waone. Weka mkeka ukutani, hautasogea.

Lala chali, miguu juu ya kiti, magoti yamekunjwa, na mto mdogo au leso iliyokunjwa mara nyingi chini ya makalio. Kiti kiwe cha mbao, hiki cha plastiki... mmeona? Kinakimbia. Kisukume mpaka ukutani nacho. Leo kila kitu ukutani. Hapo tulia dakika 10 au 15, pumua kwa tumbo. Nyonga imekuwa juu kuliko kifua, kwa hiyo vilivyokuwa vinaning'inia vinarudi mahali pake bila wewe kufanya chochote. Mimi hufanya jioni wakati wa taarifa ya habari, na mzee wangu ameshazoea kuuliza chakula kitapikwa lini.

Sasa njooni karibu. Hapa ndipo mimi niliharibu, nataka tukae.

Zoezi lenyewe ni kubana sakafu ya nyonga, ile misuli iliyotandazwa kama machela kutoka mfupa wa mbele mpaka kwenye mkia. Utaipataje? Fikiria umo kwenye taksi ya watu 14 kutoka hapa kwenda Kampala, madirisha yamefungwa kwa mvua, na jana ulikula maharage. Unaizuia hewa isitoke. Ndiyo hiyo! Anzia nyuma hapo, halafu lete mbele kama unayekata mkojo, halafu vuta vyote JUU, ndani, kuelekea kitovuni.

Juu. Sio chini. Narudia: unavuta juu, husukumi chini.

Mimi niliambiwa "bana", nikabana. Nilijaza pumzi kifuani, nikaziba mdomo, nikakaza tumbo kama ninayeinua gunia. Asubuhi, mchana, jioni, kwa bidii kabisa. Nikawa nasikia uzito unaongezeka nikasema labda dawa inafanya kazi. Miezi miwili! Mpaka mtaalamu mmoja wa fiziotherapia alinilaza akaangalia, akaniambia, "Mama, wewe unafanya mazoezi ya kuzaa." Tulicheka, halafu nyumbani nikalia.

Kwa hiyo chukua kioo cha mkononi. Funga mlango, lala nusu, weka kioo ujitazame. Ukibana sawa, utaona nafasi ile kati ya uke na njia ya haja kubwa inaingia ndani na kupanda, kama mtu anayekonyeza jicho. Ukiona inavimba na kuja nje kukusalimia, unasukuma. Acha papo hapo, pumzika, anza upya kwa nguvu ndogo. Nguvu ndogo, jamani. Ni afadhali kubana kidogo kwenda juu kuliko kukaza sana kwenda chini.

Dalili nyingine za kukosea: makalio yamekuwa mawe, mapaja yamegandana, nyusi zimepanda. Nyusi hazina kazi huko. Na pumzi imezibwa. Mimi huhesabu kwa sauti, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kuziba pumzi. Tufanye pamoja. Vuta pumzi, tumbo lijae. Sasa toa pumzi, na unapotoa ndiyo unavuta juu: moja, mbili, tatu... nyinyi mnasukuma, nawaona. Natania. Lakini kuna mmoja kati yenu anasukuma, namjua, alikuwa mimi.

Halafu LEGEZA. Kabisa. Kulegeza ni nusu ya zoezi. Msuli uliokazwa siku nzima unachoka kama mkono ulioshika kikapu, halafu ukikohoa hauna kitu cha kukupa. Pumzika kwa muda ule ule ulioshika.

Anza na sekunde 3, uongeze pole pole mpaka 10. Mara 10. Halafu zile za haraka, bana-legeza, bana-legeza, 10 tena. Mara 3 kwa siku. Usifanyie mazoezi haya msalani kwa kukatakata mkojo kila siku, kibofu kitashindwa kumaliza kazi yake na mkojo unaobaki unaweza kukuletea maambukizi. Na usitegemee nafuu Jumapili kama umeanza Ijumaa. Mjukuu wangu alinisomea utafiti uliotoka mwaka 2014 katika jarida la Lancet: wanawake 447, Uingereza, New Zealand na Australia. Waliofundishwa mmoja mmoja kwa wiki 16 walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopewa maelezo ya karatasi, walipoulizwa baada ya mwaka. Wiki 16, sio siku 16. Na walifundishwa na mtu aliyewaangalia, ndiyo maana nawasumbua na kioo.

Wasichana wa hapa wana senga, yaani shangazi, wa kuwafundisha mambo ya mwili, na masenga hufundisha mengi, mengine siwezi kuyataja huyu mtoto akiwa ameshika simu. Lakini hili la kuvuta juu sikumsikia hata mwenzangu mmoja akisema aliambiwa.

Kuinuka. Msininyanyukie hivi, kichwa kwanza, tumbo limetoka kama paa la nyumba! Mmefanya kazi dakika 15 halafu mnaibomoa kwa sekunde moja. Geuka ubavu, sukuma kwa mkono, kaa, kisha simama. Na zile video za vijana za kupunguza tumbo, za kulala chali na kunyanyuka mara 50, ziacheni kwanza.

Mjukuu, ni nini? Kuku. Mfukuze. Sio na simu! Haya, tuko?

Jerikeni. Ile ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na wewe unaiinua mara ngapi kwa siku? Kama unaweza, chukua mbili za lita 5, moja kila mkono, uende mara nyingi. Najua kisima kiko mbali, najua mtasema mama wa mikeka ana bomba uani. Basi kama ni lazima ile kubwa, mtu akusaidie kukutwika. Isogelee mpaka iguse miguu, kunja magoti, mgongo usijipinde, vuta sakafu juu KWANZA, halafu inua huku unatoa pumzi: hhhaaa. Kama mtu anayepuliza jiko. Ukiziba pumzi wakati wa kuinua umesukuma tena, tumerudi kule kule kwenye mazoezi ya kuzaa. Ndoo ya nguo, mtoto, mkungu wa matoke, ni sheria moja.

Kukohoa na kupiga chafya vivyo hivyo: bana, kisha kohoa. Kikohozi cha wiki nyingi kitibiwe, na wapikaji wa kuni na mkaa, tokeni na jiko nje, moshi unakohoza.

Kupiga magoti kusalimia wakwe. Hamkutegemea, eh? Mimi bado napiga, lakini nikiinuka naweka mguu mmoja mbele, mkono juu ya goti, natoa pumzi. Polepole kama malkia. Wakwe wanadhani ni adabu imezidi.

Msalani: usisukume. Hiyo ni ya tatu au ya nne, nitaisema mpaka mchoke. Choo cha kuchuchumaa ni rafiki yako, choo cha kukalia weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, inamia mbele, acha itoke kwa pumzi. Kula papai, maharage, mchicha tunaouita dodo, kunywa maji. Posho, yaani ugali, kavu bila mboga ndiyo inayotufunga.

Pesari, nilisema nitarudi. Ni pete laini, nyingi ni za silikoni, inawekwa ndani ya uke na mtaalamu inakishikilia kizazi. Inatolewa, inaoshwa, inarudishwa, na wengi hufundishwa kufanya wenyewe. Ulizia hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Sio aibu, ni kama miwani.

Usingoje mazoezi kama mkojo umekataa kutoka, kama unatokwa damu isiyo ya mwezi, au unatokwa damu na hedhi ulishakoma, kama kilichotoka kina kidonda, kinauma, au hakirudi, au kuna majimaji yenye harufu. Hapo ni kliniki leo leo. Na msiweke majani wala dawa za kienyeji huko ndani, tafadhali, inaunguza, nimeona. Mwenye mimba au aliyejifungua juzi, muulize mkunga wake aanze lini.

Mkeka huu, basi. Wa mazoezi agiza mwembamba wa rangi moja, ule mnene wenye maua ni wa wageni na unaumiza mgongo. Urefu uwe wako na shubiri mbili. Andika hapa chini urefu wako, sio kilo, sijauliza kilo.

Mwanangu, zima. Kile kitufe chekundu. Chekundu. Hicho ni cha kugeuza ka...