Mto Pangani na Faini ya Debe la Mbege

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo ni Mto Pangani, kuanzia theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mpaka baharini kwetu Pangani. Kaka Eli ameahidi mambo matatu ya kujifunza, safari hii kayaandika kabisa. Ila kwanza, mbona umerudi kutoka Moshi umenuna?

ELI: Nimepigwa faini.

MWANAIDI: Trafiki?

ELI: Mfongo, mfereji wetu wa Wachaga. Jumamosi ilikuwa siku ya ukoo kuzibua mfongo, mimi nimelala. Nimeshuka kwenye basi alfajiri, jamani! Naamka, baba mdogo yuko mlangoni: debe moja la mbege, pombe yetu ya ndizi.

MWANAIDI: Debe zima! [kicheko] Haya, waambie wasiojua mfongo ni nini.

ELI: Mfereji wa kuchimba kwa mkono. Mababu walikinga maji juu kabisa kwenye korongo, wakayapitisha ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, mashamba ya ukoo, kwenye migomba. Pampu hakuna, ni mteremko na jicho la mzee. Wazungu walipofika karne ya 19 waliikuta inafanya kazi.

MWANAIDI: Wazungu haohao waliobishia theluji! Mmisionari Rebmann aliiona mwaka 1848, wasomi wa London wakamwona mzushi. Theluji karibu na ikweta?

ELI: Hilo lilikuwa jambo langu la kwanza.

MWANAIDI: Ooh, niwie radhi. Sasa debe la mbege linauzwaje?

ELI: Hupeleki hela, hela ni matusi. Ndizi zichemshwe, zikae zichachuke, uchanganye na uji wa ulezi, utie gome la mti wa msesewe upate ule uchungu. Shangazi ndiye ananipikia. Na maji anachota kwenye mfongo uleule.

MWANAIDI: Kwa hiyo unalipa maji kwa kosa la kutozibua maji.

ELI: Turudi mtoni, dada. Mto una mikono miwili. Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na Kilimanjaro. Ruvu, si ule wa Pwani, unatokea upande wa Ziwa Jipe. Inakutana Nyumba ya Mungu, bwawa la miaka ya 1960. Linabeba mita za ujazo bilioni moja na ushee.

MWANAIDI: Hayo ni madebe mangapi?

ELI: Mwanaidi...

MWANAIDI: Debe ni lita 20, mita moja ya ujazo ni madebe 50. Bilioni 50 na zaidi! Baba mdogo angekutoza hilo ungekoma.

ELI: Na hapo ndipo watu wanapokosea. Mto huu hauishi kwa theluji. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa kama kilometa za mraba 12, leo hazifiki 2, na Kikuletwa haujakauka. Maji ni ya msitu. Mvua na ukungu vinashikwa na miti, vinazama ardhini, vinaibuka chemchemi huko chini.

MWANAIDI: Theluji au msitu, kwetu yanafika machache. Mto ukipungua nguvu bahari inapanda. Chumvi inaingia mtoni, mpaka minazi ya kandokando inakufa. Nyinyi huko juu kila mmoja na mfongo wake!

ELI: Hapo sikubali. Maji ya mfongo mengine yanarudi ardhini. Lawama wape bwawa na mashamba makubwa. Halafu leo babu adaiwe kibali cha maji aliyoyachimbia mwenyewe?

MWANAIDI: Babu alichimba mfereji, maji hakuyachimba.

ELI: Bila mfereji pasingekuwa na kijiji!

MWANAIDI: Na Pangani si kijiji? Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walianzia kwetu kupanda mto huo mwaka 1857, mji ulikuwepo. Mtu wa mwisho kwenye mto naye anakunywa.

ELI: Hana haki ya kumpangia wa kwanza.

MWANAIDI: Anayo.

ELI: Hana.

[kimya]

MWANAIDI: Wewe si ulitozwa kwa sababu mfongo una wenyewe na una sheria? Basi mto mzima una wenyewe.

ELI: Ukoo wangu unanijua. Ofisi ya vibali hainijui.

MWANAIDI: Sijashawishika.

ELI: Wala mimi.

MWANAIDI: Kijana wa mitambo anatuonyesha vidole viwili, dakika mbili zimebaki. Jambo la pili lilikuwa lipi?

ELI: Umeme wa mto huu. Kituo cha Hale megawati 21, Pangani Falls mpya 68...

MWANAIDI: La tatu?

ELI: Hans Meyer, Mjerumani mpanda mlima. Mwaka 1888 alikamatwa na watu wa Abushiri, aliyepigana na Wajerumani huku pwani, akakombolewa kwa fedha. Oktoba 1889 akafika kileleni Kibo.

MWANAIDI: Na Desemba hiyohiyo Abushiri akanyongwa Pangani, mtoni kwetu! Hilo ndilo tungeanza nalo, Eli! Umetupotezea saa nzima na mbege.

ELI: Mimi? Nani alikuwa anahesabu madebe?

MWANAIDI: Subiri, simu yako inawaka. Baba mdogo.

ELI: [anasoma] "Shangazi anasema ulezi hautoshi. Tuma hela."

MWANAIDI: Si ulisema hela ni matu...