Kabla Mkono Haujatupa

Ndugu wasikilizaji, hebu nyoosheni mkono mbele, msimamishe vidole viwili. Eneo linalofichwa na vidole hivyo ni kama nyuzi tatu, yaani digrii tatu, za upeo wa macho. Mazungumzo yangu ya leo, kuhusu jicho la anayelenga shabaha, hayatatoka sana nje ya hapo.

Huwa tunadhani tunaona kila kilicho mbele yetu sawasawa. Sivyo. Sehemu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, inayoona kwa undani ni finyu, ndiyo maana macho hurukaruka kama mara tatu kwa sekunde, yakiokota picha vipande vipande. Sasa mlengaji afanyeje?

Mwaka 1996 mtafiti Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha vipimo vya macho ya wachezaji wa kikapu wakipiga mitupo huru. Wote walikuwa wazoefu, lakini wenye shabaha zaidi walilikazia macho ringi karibu sekunde nzima, wenzao hawakufikisha hata nusu. Mtazamo huo wa mwisho kabla mkono haujaanza kurusha, usiotoka nje ya nyuzi tatu na unaodumu angalau milisekunde 100, ndio unaoitwa jicho tulivu. Lililonishangaza mimi ni hili: mpira ukishapanda mbele ya uso, mabingwa hawahangaiki tena kutazama. Hupepesa, au hugeuza macho kando. Kazi ya jicho imeshakwisha.

Na kichwani je? Mwaka 1984 watafiti Hatfield, Landers na Ray waliwapachika walenga shabaha wa bunduki elektrodi, vile vipokezi vya umeme wa ubongo, kichwani. Kadiri muda wa kufyatua ulivyokaribia, mawimbi ya alfa, yale ya mizunguko 8 hadi 12 kwa sekunde, yaliongezeka upande wa kushoto wa ubongo. Alfa ikipanda, kwa kawaida shughuli za mahali pale zimepungua. Na kushoto, kwa watu wengi, ndiko yaliko maneno. Yule msemaji wa ndani, wa "inua kiwiko, usitetemeke", amenyamaza.

Mwaka 2000 mtafiti Janelle na wenzake walipima macho na ubongo kwa pamoja, wakavikuta vyote viwili kwa walenga shabaha stadi: jicho limetulia zaidi, na kushoto kumepoa. Lakini kwenda pamoja si kusababishana. Wapo wasemao jicho tulivu huupa ubongo muda wa kupanga mwendo. Naona ugumu hapo: bingwa si ndiye angepanga upesi kuliko wote? Mbona atazame muda mrefu zaidi? Mimi naegemea maelezo mengine, kwamba muda ule hutumika kuzima njia zote za kufanya mwendo zisizotakiwa, na stadi anazo nyingi za kuzima kwa sababu anazijua nyingi.

Kinachotia moyo ni kwamba utulivu huo hufundishika. Wachezaji gofu waliozoezwa kutuliza macho walidumisha shabaha hata chini ya shinikizo.

Vidole mnaweza kuvishusha sasa. Naam, wewe uliye nyuma kabisa, uliza.