Andaa Kitanda Kabla ya Kubandua Sitaha

Ndugu mafundi, katika kazi ya kubadilisha jeti-ski ya kusimama naanza na kitanda, yaani fremu ya mbao inayoilaza tunapobandua sitaha, kipande chake cha juu, na wanaonifahamu wanajua nitakaa hapo muda mrefu. Najua wengi mmekuja kusikia habari za kukata pua, kushusha sakafu ya kusimamia na kuweka vishikio vya miguu. Tutafika huko muda ukiruhusu. Lakini jeti-ski nyingi za kusimama ninazoletewa zimeharibika haziharibiki kwenye mapambo hayo. Zinaharibika saa ile sitaha inapobanduliwa, kabla hata msasa haujagusa kitu.

Mnajua chombo hiki kina vipande viwili vya faibaglasi, bodi ya chini na sitaha, vilivyogandishwa kwenye ukingo uliofichwa na bampa. Hiyo sirudii. Ninachotaka mkishike ni kwamba ugumu wake unatokana na muungano wa vile viwili. Chukua boksi la kadibodi, ligandishe kifuniko, ujaribu kulipinda: linakataa. Kata kifuniko, linajikunja mkononi. Bodi yako ya chini ikishapoteza sitaha ndivyo ilivyo. Ukiiweka juu ya matairi mawili, au juu ya farasi wa mbao, ile stendi ya seremala, asiyelala sawa, itajipinda kwa uzito wake wenyewe, na jicho lako halitaona.

Hapo huwa naulizwa: "Fundi, si nitairudisha sitaha nayo itainyosha?" Haitainyosha. Sitaha nayo imelegea ikiwa peke yake. Gundi haina kazi ya kunyosha. Inakamata umbo inalolikuta. Ukikuta bodi imepinda ukaigandisha, umeufunga upindo humo kwa maisha yote ya chombo, na hakuna boliti wala msasa utakaoutoa.

Mwingine anasema, milimita chache zina ubaya gani? Zina ubaya mkubwa, tena wa aina mbili. Wa kwanza uko chini, kwenye uso unaoteleza juu ya maji. Sehemu ya nyuma ikibonyea kwenda ndani, inasukuma pua chini na kuula mwendo. Ikivimba nje, chombo kinaanza kudundadunda pua juu, pua chini, na mwendeshaji anahangaika kubadilisha bamba la chini ya pampu kumbe tatizo ni bodi. Wa pili uko ndani. Injini na pampu zote zimefungwa kwenye bodi ya chini, na kati yake kuna shafti inayopita kwenye beringi ya katikati. Bodi ikipinda, mstari wa shafti unapinda nao. Raba ya kapla, kile kiungo cha injini na shafti, inasagika, beringi inalia, sili inavuja, kisha lawama anaangushiwa aliyefunga injini.

Sasa kitanda chenyewe. Kitengeneze chombo kikiwa bado kizima. Kipindue, vuta uzi uliokazwa kutoka mbele hadi nyuma kwenye sehemu bapa ya chini, uandike unachokiona, maana chombo kilichorukishwa miaka mingi huenda kimeshapinda kabla hujakigusa. Kisha chora umbo la tumbo lake kwenye plaiwudi, angalau mahali patatu: chini ya injini, karibu na pampu, na kuelekea pua. Kata, funga vipande hivyo juu ya mihimili miwili iliyonyooka, pima kwa pimamaji, kisha ulaze chombo humo. Hapo ndipo utoe injini, tenki, waya, pampu na mkono wa usukani, na uanze kufungua mshono kwa joto la hewa moto na patasi nyembamba, taratibu, ukizunguka. Anayepiga nyundo anararua ukingo atakaouhitaji baadaye.

Sitaha ikishatoka, laza fito mbili zilizonyooka kwa upana juu ya ukingo, moja mbele na moja nyuma, sehemu zinazolingana kushoto na kulia. Inama, tazama ufito mmoja juu ya mwingine. Zikiwa sambamba, endelea. Zikikatana, acha kila kitu urekebishe kitanda. Fanya hivyo tena kila asubuhi ya kazi, na tena kabla ya gundi. Ni kazi ya dakika moja, nami nashangaa sana mafundi wanavyoibania.

Muda umekwenda, kwa hiyo mengine nayapitia haraka. Povu lililojazwa ndani ya bodi ili chombo kisizame: lile la zamani hunywa maji, na kila lita ya maji ni kilo moja unayoibeba bure. Jeti-ski za Yamaha SuperJet za 1990 hadi 2020, zile zenye injini ya mipigo miwili, hupendwa kwa wepesi wake, halafu watu wanaziendesha zikiwa na povu lililolowa. Litoe. Lakini anayesema aache utupu humo ili chombo kiwe chepesi zaidi, namkatalia kabisa: chombo kikijaa maji bila povu, uzito wa injini unakipeleka chini. Rudisha povu lisilonyonya maji, umimine kidogo kidogo, kwa sababu likivimba kwa wingi linasukuma bodi nje.

Rezini, ile gundi ya kushikia faibaglasi: bodi nyingi za kiwandani zimekandamizwa kwenye kalibu kwa joto, na zina viambato vya kuzuia kushikana na kalibu. Kwaruza kwa msasa mkali na utumie epoksi, poliesta hubanduka. Na epoksi iende na kitambaa kilichofumwa, kwa kuwa kile cha nyuzi zilizokatwa mara nyingi hushikwa na gundi inayoyeyuka ndani ya poliesta tu. Vaeni barakoa na miwani.

Gundi ya mshono msiikamue yote kwa klampu. Iache na unene. Namba ya utambulisho ya bodi isisagwe wala isifunikwe, hata kama pua yote inabadilika. Kabla ya kurudisha injini, wekeni chombo kielee majini kikiwa kitupu, kifuniko kimefunguliwa, weka uzito mahali pa injini, uangaze tochi kwenye mshono pande zote. Msikijaze maji kwa ndani kikiwa juu ya kitanda. Uzito huo utakipinda. Habari za kukata pua tutazianza kipindi kijacho, na kila mmoja aje na vipimo vya fito zake.